Wasomaji Wauliza: Kumwandikia Mfanyakazi wa Ng'ambo

Toleo lililopita lilikuwa na ukurasa mmoja juu ya wakimbizi wa siasa wa Ulaya, wengi wao Wajerumani waliojikuta London baada ya mapinduzi ya 1848 kuzimwa, na barua walizoandikiana na wenzao kuhusu kuwaandikia wafanyakazi wa nchi zisizo zao. Ukurasa huo umetuletea maswali mengi. Tumechukua saba. Yale yanayotaka tuhukumu kama Karl Marx, mmoja wa wakimbizi hao, alikuwa mtu mwema tumeyarudisha barazani, ndiko kwake.

Alilipwa au hakulipwa?

*Wahariri, salaam aleikum. Hapa barazani kwetu mmoja anasema Marx alikuwa akila mshahara wa gazeti la Marekani, mwingine anasema hizo ni porojo. Na kama ni kweli, makala ilitokaje London ikafika New York kabla habari haijachacha? — Wa Baraza, Majengo*

Waaleikum salaam. Alilipwa, lakini haukuwa mshahara. Gazeti ni New-York Daily Tribune. Mhariri wake, Charles Dana, alimwomba Marx makala Agosti 1851, na kazi hiyo ikaendelea mpaka 1862. Malipo yalianza kwa pauni 1 kwa makala, baadaye 2.

Kiingereza cha Marx mwanzoni hakikutosha kuandikia gazeti. Mfululizo wa kwanza, makala 19 kuhusu Ujerumani, uliandikwa na rafiki yake Friedrich Engels huko Manchester ingawa ulitoka kwa jina la Marx. Baada ya hapo Marx aliandika kwa Kijerumani, akapeleka Manchester kwa posta, Engels akatafsiri jioni akishatoka ofisini kwenye kampuni ya pamba, akarudisha. Mwanzoni mwa 1853 ndipo Marx alipoanza kuandika Kiingereza chake mwenyewe.

Mwendo wenyewe ulikuwa huu. Meli za posta ziliondoka Liverpool siku maalumu, kwa hiyo makala zilifungwa Jumanne na Ijumaa. Ukichelewa posta ya London, umeikosa meli. Baharini ni siku 10 au zaidi kidogo, kutegemea upepo na makaa. Habari tupu ingefika imeoza, na ndiyo sababu makala zile zimejaa hesabu za bajeti, ripoti za Bunge na bei za ngano: vitu visivyochacha kwa wiki mbili.

Fedha ilikuja kwa hundi. Marx alitoa hundi juu ya gazeti, kisha akatafuta mtu wa London wa kuipokea na kumpa taslimu. Mshairi Ferdinand Freiligrath, mkimbizi mwenzake aliyepata kazi ya benki, alimsaidia hapo. Kasoro zilikuwa mbili. Gazeti lililipia makala zilizochapwa tu, na zile nzuri zaidi zilichapwa bila jina kama maoni ya wahariri. Mwaka 1857 Dana akabana zaidi: makala moja kwa wiki ndiyo ya uhakika, nyingine ni bahati.

Nyote wawili barazani mna haki yenu. Katika barua ya Februari 1852 Marx anamwambia Engels hawezi kutoka nje kwa sababu makoti yake yako rehani. Oktoba mwaka huohuo aliweka koti rehani apate kununua karatasi ya kuandikia.

Walijuaje la kuandika?

*Sisi ni makuli wa bandari. Tunataka kutoa kijarida kwa wenzetu wa bandari za nchi nyingine, watu ambao hatujawahi kuwaona. Hao wakimbizi walijuaje la kuwaambia wageni? — Katibu wa elimu, Shimanzi*

Ndugu katibu, hawakujua, na waliodhani wanajua ndio walioharibu. Soma barua za Engels kwa Friedrich Sorge, Mjerumani aliyehamia Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Mwishoni mwa 1886 Engels anawalalamikia wajamaa wa Kijerumani walioko Marekani: nadharia wameigeuza kitu cha kukariri, wanakaa wao kwa wao na Kijerumani chao, Kiingereza hawajifunzi, na huku wafanyakazi wa Marekani wameshasimama kwa njia yao wenyewe. Kumbe mtu anaweza kuishi nchini miaka na miaka na bado akaandika kama aliyeshuka melini jana.

Engels mwenyewe alipowaandikia wafanyakazi wa Uingereza, kuanzia Mei hadi Agosti 1881 katika The Labour Standard, gazeti la vyama vya wafanyakazi, hakuanza na nadharia. Makala ya kwanza, ya tarehe 7 Mei, ilishika msemo ambao vyama vyenyewe vilikuwa vikiutumia kwa miaka kama 50: ujira wa haki kwa siku ya kazi ya haki. Akauuliza ule msemo maswali ya dukani. Siku ya haki ni saa ngapi? Ujira wa haki ni kiasi gani? Nani ameshika mizani? Msomaji anaingia akiwa na neno lake mwenyewe mkononi, anatoka akiwa na mashaka nalo. Makala zilikuwa fupi na hazikuwa na jina la mwandishi. Kilichovunja kazi ni kwamba mhariri, George Shipton, alitaka mambo yalainishwe, na kando ya makala za Engels kulikuwa na maoni ya kila rangi yanayozipinga. Miezi minne haikutimia, akajitoa.

Chombo kinachowafaa ninyi hasa, kwa maoni yetu, ni kile cha Aprili 1880. Marx, akiwa London, aliombwa na wajamaa wa Ufaransa awatengenezee orodha ya maswali kwa wafanyakazi wao. Ilichapwa katika La Revue socialiste, kisha ikatawanywa Ufaransa nzima kwa nakala nyingi. Maswali yalikuwa yapata 100. Humo hamna "je, unanyonywa?" Kuna haya: chumba cha kazi kina ukubwa gani, hewa inapitaje, choo kikoje? Mashine husafishwa na nani, wakati wa kazi au baada ya saa za kazi? Ukichelewa unakatwa nini? Unapoteza muda gani kwenda na kurudi? Na moja ambalo lingekaa vizuri kwenye lango lolote la Kilindini: unamkopesha mwajiri wako siku ngapi kabla hajakulipa kazi uliyokwisha kuifanya?

Lisome tena hilo la mwisho. Kibarua anayelipwa mwisho wa mwezi amezoea kujiona yeye ndiye mwenye madeni, kwenye daftari la duka na kwenye mkopo wa simu. Swali linamwonyesha kwamba mkopeshaji wa kwanza ni yeye, na kwamba mkopo wake hauna riba. Hakuna hotuba iliyotolewa hapo, ila hesabu imegeuzwa upande.

Maelekezo ya kujibu yalikuwa ya kiofisi kabisa: si lazima kujibu yote, andika namba ya swali kabla ya jibu, toa jina na anwani ili ukitakiwa upatikane, lakini jina halitachapwa bila ruhusa yako. Hata hivyo majibu yaliyorudi yalikuwa machache sana. Sisi tunalaumu urefu. Mtu aliyesimama saa 12 hajibu maswali 100 kwa mkono.

Kwenu tunapendekeza maswali 20, yasizidi 25, karatasi moja pande zote mbili. Kila swali lijibike kwa saa, shilingi, idadi au jina la kifaa. Mjaribu kwanza kwa watu watano wa gati moja. Swali ambalo wawili kati yao wameuliza "mnamaanisha nini?" lifutwe au liandikwe upya. Majina ya wajibuji yaandikwe kwenye daftari tofauti, na kwenye karatasi iwe namba tu, ili karatasi ikianguka mikononi mwa msimamizi isimchome mtu. Halafu muwe na mtu mmoja katika bandari ile ya pili atakayesoma rasimu kabla haijachapwa na kusema neno gani wao hawalitumii. Mkikosa huyo, ahirisheni kijarida mpaka apatikane. Marx alikuwa naye Joseph Weydemeyer huko New York, na Engels alikuwa na Sorge.

Neno "kipande" limenitega

*Nafundisha Kiswahili darasa la jioni. Tunatafsiri baadhi ya barua na makala hizo. Nimekwama kwenye "kazi", "mshahara" na hasa "kipande". Pia salamu: niandike komredi au ndugu? — Mwalimu wa kike, Mji wa Kale*

Bi. Mwalimu, umekwama pale ambapo wenyewe walikwama. Novemba 1885 Engels aliandika makala nzima katika The Commonweal ya kumkosoa aliyemtafsiri Marx vibaya kwa Kiingereza. Hoja yake: haitoshi kujua lugha zote mbili, lazima ujue na jambo lenyewe, na pale mwandishi alipotunga neno jipya, nawe uwe na ujasiri wa kutunga.

Tuanze na "kazi". Engels alifurahi kwamba Kiingereza kina maneno mawili, work kwa kazi inayotoa kitu cha kutumika na labour kwa kazi inayopimwa kwa muda tu. Kiswahili hakina bahati hiyo, lakini tuna "nguvu-kazi", na hiyo ndiyo inayouzwa. Angalia tarehe ya andiko kabla ya kuitumia. Katika maandishi ya miaka ya 1840 Marx bado anasema mfanyakazi anauza kazi yake. Baadaye ndipo akasema anauza nguvu-kazi. Mwaka 1891 Engels alipochapa upya mihadhara ya zamani ya Marx juu ya kazi na mtaji, alibadilisha neno hilo na akaeleza wazi kwamba amelibadilisha. Wewe ukikuta "kazi" katika barua ya zamani, iache, uweke maelezo chini ya ukurasa. Ukiisahihisha kimyakimya, wanafunzi watadhani wazo lilizaliwa likiwa na meno yote.

"Mshahara" una mwezi ndani yake. Ndivyo neno la Kiarabu lilivyo. Kwa anayelipwa mwezi ni sawa. Kwa wa kutwa au wa wiki, kama walivyokuwa wengi wa viwanda vya Lancashire, andika "ujira". Na "kibarua" usiliogope hata kidogo. Ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa, jina la karatasi likamhamia aliyeishika.

Sasa "kipande". Kamusi itakuruhusu kusema malipo ya kipande kwa maana ya kulipwa kwa idadi ya ulichotengeneza. Usiandike hivyo kwa wasomaji wa Kenya. Kuanzia 1920 hivi hadi 1947 kipande kilikuwa cheti ambacho Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba, ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni. Mzee akisikia "mfanyakazi wa kipande" ataona kikopo kile, wala si gunia la kuhesabiwa. Sema "kulipwa kwa idadi", kisha taja kipimo chenyewe: kwa gunia, kwa kilo, kwa kontena.

Hayo mengine ni mepesi. "Bepari" tulilipata kutoka Kigujarati, na huko ni mfanyabiashara tu. "Beberu" ni dume la mbuzi. Yote mawili yameshazoea siasa, hayahitaji maelezo. "Makabwela" ni ya Tanzania zaidi. Mombasa hueleweka, lakini husikika kama ya mgeni.

Salamu: "komredi" kwa pwani ina historia yake. Wafuasi wa Umma Party ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1963 na Abdulrahman Babu, waliitwa makomredi, na neno bado lina harufu ya chama kile. Bara ya Tanzania "ndugu" likawa la kiofisi. Kwa barua za Engels kwenda kwa Weydemeyer au Sorge, "Ndugu" inatosha. Kwa zile za Engels kwenda kwa Marx, acha lakabu kama ilivyo, Mohr, na ueleze mara moja kwamba aliitwa hivyo kwa weusi wa sura yake. Ukiweka "komredi" pale utakuwa umewavisha kofia ambayo hawakuvaa.

Wino wa maziwa

*Nimesoma kwamba Warusi waliandika kwa maziwa. Yanasomekaje, na kwa nini polisi hawakujua? — Mwanafunzi, Kisauni*

Mwanangu, polisi walijua. Maziwa au maji ya ndimu yakikauka hayaonekani. Ukipitisha karatasi juu ya joto la taa, palipoandikwa hugeuka kahawia kabla ya karatasi yenyewe. Lenin aliandika hivyo gerezani St. Petersburg katikati ya miaka ya 1890, na kidau chake kilikuwa cha mkate, mlinzi akitokea anakimeza. Huandiki kwenye ukurasa mtupu: kwanza barua ya kawaida ya wino, habari za mama na mafua, halafu siri katikati ya mistari.

Huharibika kwa njia tatu. Kalamu yenye ncha kali hukwaruza, na mikwaruzo huonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Karatasi inayong'aa hupoteza mng'ao kila palipolowa. Na joto likizidi, barua yote inaungua pamoja na siri yake.

Mnamo 1902 na 1903, Iskra, gazeti la siri la Lenin na wenzake, lilipokuwa likitengenezwa London, mkewe Nadezhda Krupskaya ndiye aliyeshika barua zote. Baadaye alikiri kwamba mafumbo yao yalikuwa ya kitoto: pasipoti ziliitwa vitambaa vya mkono, magazeti ya siri yakaitwa manyoya ya joto, na kila mji ulipewa jina la mtu linaloanza kwa herufi ileile, Odessa ikawa Osip, Pskov ikawa Pasha. Polisi mvivu kabisa angelitegua baada ya barua tatu. Magazeti yenyewe yalichapwa kwenye karatasi nyembamba, yakasafirishwa ndani ya masanduku yenye vitako viwili, na Krupskaya alikisia kwamba labda sehemu moja kwa kumi ndiyo iliyofika.

Kitabu kwa vipande

*Ninauza vifaa vya ofisi na kutoa fotokopi. Wateja wangu hawanunui kitabu kizima. Je, ni kweli Kapitali iliwahi kuuzwa kidogo kidogo? — Mwenye duka, Mwembe Tayari*

Ni kweli, kitabu hicho cha Marx kiliuzwa hivyo, na barua zake zinachekesha kidogo, kwa sababu mchapishaji naye alikuwa mkimbizi. Maurice Lachâtre alikimbilia San Sebastián, Hispania, baada ya Komuni ya Paris ya 1871 kuangushwa, na kutoka huko akapanga na Marx toleo la Kifaransa: vijitabu 44, kila kimoja kurasa 8, senti 10 za Kifaransa. Machi 1872 Marx alimjibu kwamba amelipenda wazo, kwa kuwa kwa namna hiyo wafanyakazi watakipata kwa urahisi zaidi, na hilo kwake lilipita yote. Papo hapo akamwonya: sura za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na msomaji mwenye haraka atakata tamaa.

Onyo hilo ndilo la biashara yako. Anayenunua kwa vipande hupata kigumu kwanza na hana ukurasa wa mbele wa kurukia. Tena kazi ilichelewa: mtafsiri, Joseph Roy, alifuata Kijerumani neno kwa neno, Marx akalazimika kuandika upya sehemu nyingi, na kijitabu cha mwisho kilitoka 1875. Ukitaka kujaribu na maandishi yoyote yale, usiuze cha kwanza kabla cha mwisho hakijawa tayari, na uviuze vitano vitano vikiwa vimeshonwa. Kurasa 8 peke yake hupotea kwenye mfuko wa suruali.

Gharama? Mwaka 1852 andiko la Marx kuhusu mapinduzi ya Louis Bonaparte lilikwama New York kwa kukosa fedha, mpaka fundi cherehani mmoja Mjerumani, mhamiaji, alipompa Weydemeyer akiba yake yote, dola 40. Zikachapwa nakala 1,000.

Na sisi je?

*Kuna lolote lililofika bandari za kwetu? — Baharia mstaafu, Likoni*

Mzee wetu, shikamoo. George Padmore, mzaliwa wa Trinidad, alihariri The Negro Worker kutoka Hamburg tangu 1931 hadi Wanazi walipomkamata na kumfukuza 1933. Gazeti hilo liliandikiwa wafanyakazi weusi wa makoloni na visiwa, na wabebaji walikuwa mabaharia, nakala nyingine zikiwa zimevishwa majalada ya dini. Jomo Kenyatta, akiwa Ulaya, aliandika humo. Hapa nchini, Makhan Singh na chama chake walitoa vikaratasi vya wafanyakazi kwa Kiswahili na kwa lugha za Kihindi kama Kipunjabi na Kigujarati, kwa sababu karakana moja ilikuwa na wasomaji wa zote.

Jibu limetangulia swali

*Katika barua za Warusi naona jibu lina tarehe ya nyuma kuliko barua inayojibiwa. Ni makosa ya chapa? — Msomaji, Tudor*

Si makosa. Urusi ilitumia kalenda ya zamani hadi Februari 1918. Katika karne ya 19 ilikuwa nyuma ya Ulaya Magharibi kwa siku 12, na kuanzia Machi 1900 kwa siku 13. Waangalifu waliandika zote mbili, kwa mfano 5/18. Wasiposema, tazama barua ilitoka wapi: ya St. Petersburg ongeza, ya London au Geneva iache, isipokuwa mwandishi aliyeko ng'ambo amesema anahesabu kwa Kirusi. Barua iliyotoka St. Petersburg tarehe 3 Januari 1902 kwa kalenda yao ni 16 Januari kwa Geneva, kwa hiyo barua ya Geneva ya tarehe 10 Januari haiwezi kuwa jibu lake. Ikiwa jibu limeandikwa Geneva tarehe 22 Januari, Mrusi aliyelipokea angeandika kwenye daftari lake kwamba liliandikwa tarehe 9, na hapo ndipo wapangaji wengi wa barua huteleza.